Kiatu Hakimkimbizi Mtu: Tahakiki ya Viatu vya Ghali vya Marathoni

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Kitu kilichotoka kiwandani, kikauzwa dukani na kuvaliwa mguuni, huwa tunawaachia watu wa biashara na wa michezo. Katika makala haya ninahakiki viatu. Nimechukua viatu vya marathoni vya bei ya juu kutoka kampuni za Nike, Adidas na Asics, nikaviweka pamoja na kiatu cha kampuni ya Kenya iitwayo Enda, na nimeviuliza maswali yale yale ambayo mhakiki huiuliza kazi yoyote iliyo mbele yake: inadai nini, inatimiza nini, na inamfaa nani.

Sababu ya kuichagua mada hii ni ya nyumbani. Wazee wangu ni Wabajuni wa Kudhaa, kisiwa kimojawapo katika safu ya visiwa vilivyo kusini ya Kismayo, pamoja na Koyama, Chovai na Chula. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda vyombo wakaelekea Kenya, na hivi sasa jamaa zetu wametawanyika: wako walio Kudhaa na Kismayo, wako walio Mombasa, na wako walio Uingereza. Mwana wa ami yangu, kijana wa miaka 23 aliyekulia Mombasa, ni mkimbiaji. Marathoni yake bora ni ya saa 2 na dakika 41. Mwaka huu jamaa waliamua kumchangia kiatu cha mashindano. Ami mwenyewe, ambaye ni mvuvi, alitoa fedha za samaki za wiki kadhaa. Shangazi zetu walioko ng'ambo wakaahidi kujaliza. Kisha swali likaletwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliye chuoni: "Mwanangu, katika hivi, kipi kilicho bora?"

Makala haya ni jibu langu, na ni refu kuliko walivyotarajia. Hoja yangu ni kwamba swali la kiatu bora halijibiki mpaka liulizwe pamoja na maswali mengine matatu: bora kwa mguu wa nani, juu ya ardhi gani, na kwa fedha za nani. Matangazo ya viatu hujibu swali la kwanza tu na kuyaruka yaliyobaki. Kazi ya mhakiki ni kuyarudisha.

Vigezo

Kabla ya kulinganisha lazima kuwe na kipimo. Matangazo yana kipimo kimoja, nacho ni kasi. Wazee wangu hawapimi chombo namna hiyo. Wakikisifu chombo cha baharini hutaja mambo manne: wepesi wake, namna kinavyokubaliana na maji kinamotembea, umri wake, na kama mwenye nacho anaweza kukimudu na kukitengeneza kikiharibika.

Mtepe ni mfano mzuri. Hiki kilikuwa chombo cha kushonwa ambacho Wabajuni walikuwa mabingwa wa kukiunda. Mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Kilivuja, na mabaharia walikuwa na kazi ya kuyachota maji ya ngamani na kuyamwaga safari nzima. Lakini kilikuwa chepesi na chenye kunyumbuka. Kikipanda fungu la mchanga kilijipinda kidogo badala ya kupasuka. Mtu anayeuhukumu mtepe kwa kuvuja peke yake hajauelewa, na anayeusifu kwa wepesi peke yake hajausafiria. Hukumu ya haki huyaweka mambo yote manne kwenye mizani moja. Ndivyo nitakavyofanya kwa viatu: nitatazama kasi, kufaa, umri na gharama.

Kigezo cha tano kinatoka darasani kwetu. Kiswahili kinatenganisha waziwazi kukimbia na kukimbiza. Katika kauli ya kutendesha, kuna anayemfanya mwingine atende. Matangazo ya viatu hivi, kwa lugha yoyote yatakayoandikwa, yamejengwa juu ya kauli hiyo: kiatu ndicho mtenda, mtu ndiye mtendwa. Majina yenyewe yanasema hivyo. Vaporfly na Alphafly yote yamebeba neno la Kiingereza lenye maana ya kuruka angani, na Metaspeed limebeba kasi. Swali langu la lugha ni hili: je, ushahidi unaturuhusu kusema kwamba kiatu kinamkimbiza mtu, au unaturuhusu kusema tu kwamba mtu hukimbia kwa kiatu?

Vaporfly na asilimia 4

Tuanze na kiatu kilichobadilisha mambo. Katika marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, washindi wote watatu wa medali, yaani Eliud Kipchoge wa Kenya, Feyisa Lilesa wa Ethiopia na Galen Rupp wa Marekani, walivaa viatu vya majaribio vya Nike ambavyo umma ulikuwa bado haujaviona madukani. Mwaka uliofuata kiatu hicho kiliuzwa kwa jina la Vaporfly 4%, kwa dola 250 za Marekani. Kwa kiwango cha shilingi 130 za Kenya kwa dola moja, hizo ni shilingi 32,500.

Ufundi wake ni rahisi kueleza. Soli ya kati ni nene na imetengenezwa kwa sponji nyepesi sana, ambayo ikikandamizwa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyoikandamiza. Ndani ya sponji hiyo kuna bamba lililopinda, la nyuzi za kaboni. Watu wengi hulichukulia bamba hilo kuwa springi inayomrusha mkimbiaji. Wataalamu wengi wanaona kwamba faida kubwa hutoka kwenye sponji, na kwamba bamba huipa sponji hiyo uthabiti na kuvipunguzia kazi viungo vya vidole na kifundo cha mguu.

Ile asilimia 4 iliyo kwenye jina ilitoka maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, kwa ufadhili wa Nike, waliwapima wakimbiaji 18 na kuona kwamba kwa wastani walitumia nishati pungufu kwa asilimia 4 wakilinganishwa na walivyokuwa katika viatu vingine bora vya wakati huo. Tafiti zilizofuata, zikiwemo zisizogharimiwa na kampuni hiyo, zimekubaliana kwa jumla kwamba viatu vya aina hii hupunguza matumizi ya nishati. Kwa hiyo dai la msingi si uongo.

Hata hivyo mhakiki asome jina kwa makini. Asilimia 4 ni ya nishati na si ya muda. Mkimbiaji anayeokoa asilimia 4 ya nishati hapunguzi asilimia 4 ya saa zake, kwa sababu kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo upepo na mwili wenyewe unavyodai zaidi. Pili, neno "wastani" limeachwa nje ya jina. Wastani ni mtu asiyekuwepo. Hakuna mguu wa wastani unaoingia dukani kununua kiatu. Nitalirudia jambo hili.

Alphafly na mipaka ya sheria

Miaka miwili baada ya Vaporfly kuingia sokoni, mwezi Oktoba 2019 ulileta siku mbili ambazo zilizua mjadala dunia nzima. Tarehe 12, mjini Vienna, Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa hazikuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji walikuwa wakipokezana kumkinga na upepo. Kiatu alichovaa kilikuwa cha majaribio, nacho ndicho kilichokuja kuitwa Alphafly. Kesho yake, huko Chicago, Brigid Kosgei wa Kenya alimaliza kwa saa 2:14:04 akiwa na kiatu cha ukoo wa Vaporfly, akaivunja rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imedumu tangu mwaka 2003.

Shirikisho la riadha duniani, World Athletics, lilitoa kanuni tarehe 31 Januari 2020. Soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40, ndani yake kusiwe na zaidi ya bamba moja gumu, na kiatu kiwe kinapatikana sokoni. Baadaye kanuni ziliruhusu kiatu cha majaribio kitumike kwa muda maalumu kabla hakijauzwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kelvin Kiptum. Tarehe 8 Oktoba 2023, huko Chicago, alikimbia kwa saa 2:00:35, rekodi mpya ya dunia, akiwa na Alphafly 3 ambayo wakati huo haikuwa imefika madukani. Ilifika mwanzoni mwa mwaka 2024, kwa dola 285, yaani kama shilingi 37,000. Kiptum alifariki kwa ajali ya gari mwezi Februari mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 24.

Alphafly 3 ni kifaa kilichokamilika. Uzito wake ni karibu gramu 200, soli ni ndefu kukaribia kikomo cha sheria, na chini ya sehemu ya mbele ya mguu kuna mifuko miwili ya hewa inayosaidiana na sponji. Kwa kigezo cha kasi kinapata alama za juu. Kwa kigezo cha kufaa nina shaka. Kiatu chenye soli ndefu na laini namna hiyo kimekusudiwa lami iliyonyooka, kama ya Chicago na Berlin. Kwenye barabara ya udongo na kokoto, au kwenye kona kali, urefu ule unakuwa mzigo kwa kifundo cha mguu. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat wanalijua hili vizuri: kilomita nyingi za mazoezi yao huzikimbia kwenye barabara za udongo, kwa viatu vya kawaida, na kiatu cha mashindano hukiweka kwa siku yake.

Evo 1: kiatu cha siku moja

Wiki mbili kabla ya Kiptum, tarehe 24 Septemba 2023, Tigst Assefa wa Ethiopia alishinda Berlin kwa saa 2:11:53, akapunguza rekodi ya Kosgei kwa dakika 2 na sekunde 11. Mguuni alivaa Adidas Adizero Adios Pro Evo 1. Picha zake akiwa amekishika kiatu chenyewe zilienea kuliko maneno yoyote aliyoyasema.

Evo 1 kina uzito wa gramu 138. Badala ya bamba moja pana, kina fimbo nyembamba za kaboni zilizopangwa kufuata mifupa ya wayo. Waundaji walikata kila kisicho cha lazima: soli ya ndani ikaondolewa, na mpira wa chini ukawa utando mwembamba tu. Bei yake ilikuwa dola 500. Toleo la kwanza lilikuwa la jozi 521 tu. Na kampuni yenyewe ilieleza kwamba kiatu kimetengenezwa kwa ajili ya marathoni moja, pamoja na mazoezi machache ya kukizoea.

Kama kazi ya ufundi, ninakivulia kofia. Ni vigumu kukitazama bila kuustaajabia uamuzi wa kuondoa na kuondoa tena mpaka kibaki kile tu kinachokimbia. Mshairi anayejua kufuta angekielewa. Lakini tukipeleke kwenye mizani ya chombo. Dola 500 ukizigawa kwa kilomita 42.195 ni karibu dola 12 kwa kila kilomita, yaani shilingi 1,500 na zaidi. Hata ukiongeza kilomita 20 za mazoezi, kila kilomita inagharimu takriban dola 8. Umri wake ni mfupi kuliko wa ndara za kuogea. Waswahili wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Evo 1 methali hii inahitaji nyongeza: chenye kutolewa jozi 521 kwa dunia nzima hakikuja kuuzwa. Kilikuja kuonekana, ili kisaidie kuviuza vingine.

Hapa ndipo kanuni ya "kupatikana sokoni" inapopwaya. Mtu wa Berlin na mtu wa Kismayo wote wanaambiwa kwamba kiatu kinapatikana. Kwa wa kwanza neno hilo lina maana ya kubofya na kulipa. Kwa wa pili lina maana ya jamaa aliye nje, dola zilizobadilishwa, mzigo uliosafirishwa mpaka Nairobi au Mogadishu, na wiki za kusubiri. Sheria imeusawazisha unene wa soli. Umbali wa duka haikuusawazisha.

Metaspeed na swali la mtu

Asics waliingia mwaka 2021 na viatu viwili, Metaspeed Sky na Metaspeed Edge. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiatu chenye hoja nzuri kuliko vyote, hata kama hakina majigambo makubwa. Waundaji walianza kwa kusema kwamba wakimbiaji hawaongezi mwendo kwa namna moja. Wako wanaorefusha hatua, na wako wanaoongeza idadi ya hatua. Sky kilikusudiwa wa kwanza, na Edge kilikusudiwa wa pili.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni mbinu ya kuuza viatu viwili badala ya kimoja. Huenda. Lakini ndani ya mbinu hiyo kuna kukiri jambo ambalo wengine wanalificha: kabla ya kuuliza kiatu gani, uliza mtu gani. Kwa lugha ya darasani, Asics wamemrudisha mtu kwenye nafasi ya mtenda.

Na maabara inawaunga mkono. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliowapima Wakenya 7 wa kiwango cha juu duniani na Wazungu 7 wasio wa kulipwa, wakiwa katika viatu hivi vya kisasa na katika kiatu chembamba cha zamani. Kwa Wakenya, matokeo yalitoka hasara ya asilimia 11.3 hadi faida ya asilimia 11.4. Kwa wale Wazungu, yalitoka hasara ya asilimia 1.1 hadi faida ya asilimia 9.7. Idadi ya waliopimwa ni ndogo, na hatuwezi kujenga sheria juu ya watu 14. Lakini upana wa tofauti hizo unatosha kutuonya. Kiatu kile kile kinaweza kumsaidia mkimbiaji mmoja na kumrudisha nyuma mwenzake wanayefanya naye mazoezi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu ambacho hukukikimbilia hujui kitakufanyia nini, hata kama bingwa wa dunia amekivaa.

Enda na mtego wa uzalendo

Sasa tuje nyumbani Afrika Mashariki. Enda ni kampuni ya Kenya. Mmoja wa waasisi wake ni Navalayo Osembo, na mwaka 2016 walichangisha fedha kupitia intaneti ili watoe kiatu chao cha kwanza, walichokiita Iten. Kingine walikiita Lapatet, neno la Kikalenjin lenye maana ya kukimbia. Jina la kampuni ni Kiswahili kitupu, na kisarufi linapendeza: "enda" ni amri anayopewa mtu. Halidai kwamba kiatu ndicho kitakachokwenda.

Baadhi ya wenzangu, nikiwaeleza mada hii, walinitaka niseme kwamba Enda ndicho bora kwa kuwa ni chetu. Siwezi kusema hivyo. Iten ni kiatu chepesi cha mazoezi, hakina bamba la kaboni wala ile sponji nene, na kukishindanisha na Alphafly kwa sekunde za siku ya mashindano ni kukidhulumu. Mhakiki anayempa mshairi wa kwao alama za bure hamsaidii mshairi wala ushairi. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba kwa vigezo vya umri na gharama, kiatu cha mazoezi cha aina hii kinambeba mkimbiaji kwa mamia ya kilomita ambazo kiatu cha siku moja hakizijui. Na ni kilomita hizo zinazomjenga mkimbiaji.

Mtego mwingine ni wa kinyume: kuwadharau wote wanaovaa viatu na kuusifu mguu mtupu. Hadithi ya Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu kwa saa 2:15:16, hutolewa kama ushahidi. Wanaoitoa husahau kwamba Bikila huyo huyo alivaa viatu Tokyo mwaka 1964, akashinda tena, na akapunguza dakika 3 hivi. Njia zilikuwa tofauti, kwa hiyo sidai kwamba viatu ndivyo vilivyoleta dakika hizo. Nadai tu kwamba bingwa hakuuona mguu mtupu kuwa ibada. Watu wa Kudhaa nao hawauoni hivyo. Maji yakitoka, anayekwenda mwambani kwenye majabali makali na miiba ya baharini huvaa kitu mguuni, na hakuna anayemwambia amepoteza asili yake.

Sekunde 2 za Sapporo

Wapo watakaosema kwamba katika kilele cha mchezo sekunde ni medali, na kwa hiyo kiatu ni kila kitu. Tulitazame tukio ambalo jamaa zangu wa Kismayo na Mombasa walilishangilia sana. Tarehe 8 Agosti 2021, katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo, Kipchoge alishinda kwa saa 2:08:38. Nyuma yake walikuja watatu kwa pamoja. Abdi Nageeye wa Uholanzi alipata fedha kwa 2:09:58, Bashir Abdi wa Ubelgiji alipata shaba kwa 2:10:00, na Lawrence Cherono wa Kenya alibaki mikono mitupu kwa 2:10:02. Nageeye na Abdi wote wawili walizaliwa Mogadishu, na ni wenza wa mazoezi.

Sekunde 2 zilitenganisha shaba na kutopata chochote. Wakati huo viatu vya kizazi kipya vilikuwa vimeenea kwa wakimbiaji wa daraja hilo. Si mmoja aliyekuwa na siri mguuni. Kilichoonekana na dunia nzima ni Nageeye, katika mita za mwisho, akigeuka nyuma na kumpungia mkono mwenzake aje, na Abdi akamfuata mpaka akampita Cherono. Hilo halimo katika kipimo chochote cha sponji.

Na kuna ushahidi wa kinyume chake. Berlin, mwaka 2015, soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka zikawa zinapigapiga nje ya visigino vyake kwa sehemu kubwa ya safari. Alishinda kwa saa 2:04:00. Kiatu kilikuwa kimeharibika, na mtu akaendelea kukimbia.

Basi jibu la swali langu la lugha ni hili. Kiatu kina msaada wa kweli, unaopimika, lakini msaada huo unabadilika kutoka mguu hadi mguu. Ushahidi unaturuhusu kusema kwamba mtu hukimbia kwa kiatu. Hauturuhusu kusema kwamba kiatu humkimbiza mtu.

Hukumu

Nikiulizwa kama mhakiki, nitavipanga hivi. Kwa ufundi wa kuunda, Evo 1 ni cha kwanza. Kwa kukamilika kama kifaa cha mbio za lami, Alphafly 3. Kwa hoja na kumheshimu mkimbiaji, Metaspeed. Vaporfly kitakumbukwa kwa kufungua njia. Enda ni kiatu cha kazi ya kila siku, na kihukumiwe huko.

Nikiulizwa kama ndugu, jibu linabadilika, kwa sababu fedha ni za samaki. Tuseme kiatu cha dola 285 kitampunguzia mwana wa ami yangu asilimia 2 ya muda wake, jambo ambalo halina dhamana. Atatoka saa 2 na dakika 41 hadi saa 2 na dakika 38, hivi. Katika mashindano makubwa ya Kenya muda huo haumfikishi kwenye zawadi. Shilingi 37,000 hizo hizo zinanunua jozi mbili za viatu vya mazoezi, zinalipa ada ya kushiriki mashindano na nauli ya kwenda na kurudi, na zinabakisha za chakula. Vitu hivyo vinaweza kumtoa dakika 10 ndani ya mwaka mmoja au miwili ya mazoezi yasiyokatika. Akifika hapo, ambapo dakika 3 ni tofauti ya kupata na kukosa, kiatu cha kaboni kitakuwa na maana, na atakuwa na haki ya kukijaribu kwanza kabla ya kulipia. Tena akitafute toleo lililotangulia, ambalo bei yake hushuka kila toleo jipya linapotoka.

Nimemwandikia ami hivyo. Najua haikumfurahisha, kwa kuwa mchango una heshima yake. Jamaa walitaka kumuona kijana wao amevaa wanachovaa mabingwa, na hamu hiyo siidharau. Watu waliotawanywa na vita wanapochangia kiatu, wanachangia pia jina lao lisikike. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mhakiki hana ruhusa ya kuwapa jibu la tangazo.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi moja. Vitu vingi vinaingia katika nyumba zetu vikiwa vimeshasifiwa kwa lugha nyingine: simu, dawa, mbegu, mashine za boti. Kiswahili kina maneno ya kuvipima, na wazee wetu waliyatumia kwa vyombo vyao kabla hatujafundishwa nadharia. Tuanze na vile ambavyo watu wetu wanachangishana kuvinunua.